Uzio, kisiwa, sheria au kijiji: uweke wapi mchango wako kwa wanyama wa mfuko na ekidna

Ukitafuta mtandaoni namna ya kusaidia wanyama wa Australia, utakayeonyeshwa kwanza ni koala: picha yake amekumbatia mti, kitufe cha kuchangia, na pengine ahadi ya mwanasesere wa manyoya. Hakuna ubaya hapo. Lakini hali ya koala si moja. Februari 2022 serikali ya Australia ilimtangaza kuwa hatarini kutoweka katika majimbo ya Queensland na New South Wales pamoja na eneo la mji mkuu, Canberra. Wakati huohuo, sehemu fulani za Victoria na South Australia zina koala wengi mpaka wanamaliza majani ya miti wanayoitegemea. Fedha uliyotoa "kwa ajili ya koala" haikuambii inakwenda kwa yupi.

Ndiyo maana hapa silinganishi wanyama. Nalinganisha njia za kuwaokoa. Ziko nne zinazoomba fedha, muda na sauti za watu: kuzungushia pori uzio, kuhamishia wanyama kisiwani, kubana sheria za misitu na mito, na kukubaliana na wanakijiji wenye msitu wao. Kila moja imeokoa mnyama fulani mahali fulani, na kila moja ina adui ambaye haiwezi kupambana naye. Msimamo wangu nautoa mapema ili usome ukiujua: kama una mchango mmoja tu, upeleke kwenye vijiji vya milima ya New Guinea. Zipo sababu nzuri za kuamua vinginevyo, nami nitazieleza kwa haki.

Ni nani anayewamaliza?

Hili ndilo swali la kwanza, kabla ya bei na kabla ya jina la shirika.

Australia imepoteza zaidi ya spishi 30 za mamalia tangu Waingereza walipoanza kuhamia huko mwaka 1788. Wengi wa waliotoweka walikuwa wanyama wadogo wa mfuko, yaani wanaolea watoto ndani ya mfuko wa tumboni, wa ukubwa ambao paka au mbweha anaumudu. Paka walifika pamoja na walowezi. Mbweha mwekundu aliletwa katikati ya karne ya 19 ili mabwana wapate cha kuwinda wakiwa juu ya farasi. Leo paka shume wametapakaa karibu nchi nzima. Hukadiriwa kuwa kama milioni 2 miaka ya ukame, na kupita milioni 6 mvua zikiwa nyingi. Mnyama ambaye wahenga wake hawakuwahi kuwindwa na paka mara nyingi hajui hata kumkimbia.

New Guinea ni habari nyingine. Kisiwa hicho, ambacho nusu ya mashariki ni nchi ya Papua New Guinea na nusu ya magharibi iko chini ya Indonesia, hakina mbweha. Adui huko ni mshale, mbwa wa kuwindia na shoka. Kanguru wa miti ni kitoweo. Ekidna mwenye mdomo mrefu, mamalia anayetaga yai kama kinyamadege (yule mnyama wa mtoni mwenye mdomo wa bata), ni kitoweo pia, tena cha heshima. Wote wawili huzaa polepole mno: kanguru wa miti hulea mtoto mmoja kwa wakati, na ekidna hutaga yai moja. Mwindaji hahitaji kuwa na pupa. Akichukua majike wawili watatu kila mwaka katika bonde moja, baada ya muda bonde linabaki tupu.

Katika misitu mirefu ya Victoria adui ni msumeno na moto. Tasmania, kwa shetani wa Tasmania, mnyama wa mfuko alaye nyama, ni ugonjwa: saratani ya uso inayoambukizwa kwa kung'atana, iliyoonekana mara ya kwanza mwaka 1996 na kupunguza idadi yao kwa takriban asilimia 80. Dawa ya adui mmoja haimponyi anayeuawa na mwingine.

Uzio

Uzio unaozungumziwa hapa si seng'enge ya kuzuia ng'ombe. Ni wavu wa chuma wenye kimo cha mtu mrefu. Juu umelegezwa na kukunjwa kwa nje ili paka anayepanda ashindwe kuuvuka, chini umetandazwa ardhini ili mbweha asichimbe, na mara nyingi una nyaya za umeme. Ukishajengwa, kila paka na kila mbweha aliyebaki ndani huwindwa mpaka aishe. Hapo tena ndipo wanyama wa mfuko hurudishwa.

Shirika maarufu katika kazi hii ni Australian Wildlife Conservancy, lililotokana na juhudi za Martin Copley, aliyenunua eneo la Karakamia karibu na Perth mwaka 1991. Leo lina maeneo makubwa: Scotia huko New South Wales, hekta 8,000, Mount Gibson upande wa magharibi, hekta zipatazo 7,800, na Newhaven, katikati kabisa ya nchi, zaidi ya hekta 9,000 ndani ya uzio wa kilomita 44 uliokamilika mwaka 2018. Newhaven inanigusa kwa sababu moja: paka waliobaki ndani waliwindwa kwa msaada wa wafuata nyayo wa Kiwarlpiri, wenyeji wa asili wanaousoma mchanga wa jangwa lile kwa ujuzi wa vizazi. Uhifadhi mzuri mara nyingi ndivyo ulivyo, chuma na mashine upande mmoja, na upande wa pili maarifa ambayo hakuna chuo kinachoyauza.

Matunda ya uzio yanaonekana upesi. Numbati, mnyama mdogo mwenye milia mgongoni anayekula mchwa wanaofika 20,000 kwa siku, ana makazi mapya Scotia na Mount Gibson, wakati nje ya nyuzo alikuwa amebaki mahali pawili tu pa asili, Dryandra na Perup, kusini-magharibi mwa Australia. Woili, mnyama mdogo wa jamii ya betongi, hao ndugu wadogo wa kanguru, naye amerudi. Huyu ndiye anayenivutia zaidi, maana kumwokoa yeye ni kuuokoa msitu wenyewe. Hula uyoga unaoota chini ya ardhi, na kila usiku huchimba vishimo kuutafuta. Woili mmoja hugeuza tani kadhaa za udongo kwa mwaka. Maji ya mvua huingia humo, majani makavu huoza, mbegu huota, na chembe za uyoga aliokula husambazwa mpaka kwenye mizizi ya miti. Msitu uliopoteza wachimbaji wake hubaki na udongo mgumu unaokataa maji. Idadi ya woili ilianguka kwa takriban asilimia 90 kati ya 1999 na 2006, na waliokuwa ndani ya uzio wakawa akiba muhimu.

Sasa upande wa pili. Uzio hauishi kudai fedha. Hifadhi ya bilbi (mnyama wa mfuko mwenye masikio marefu kama ya sungura) ya Currawinya, Queensland, ilijengewa uzio kwa michango ya wananchi. Mafuriko na kutu vikautoboa, paka wakaingia, bilbi wakaliwa. Ilibidi utengenezwe upya, na bilbi hawakurudishwa mpaka 2019. Huko Arid Recovery, hifadhi yenye uzio ya South Australia, yalitokea kinyume: bila wa kuwala, betongi waliongezeka kupita kiasi mpaka wakaanza kuharibu mimea, ikabidi wasimamizi waweke milango ya upande mmoja ili baadhi watoke. Na udogo wa maeneo haya usisahaulike. Hesabu iliyochapishwa mwaka 2018 ilikuta maeneo 17 ya uzio Australia nzima, jumla kilomita za mraba 346 tu. Kwa nchi yenye kilomita za mraba zaidi ya milioni 7.6, hiyo ni akiba ya mbegu. Shamba lenyewe bado liko nje.

Ipo njia iliyo jirani ya uzio ambayo watu wa kusini-magharibi mwa Australia wamejaliwa peke yao. Mimea ya huko ya jamii ya Gastrolobium ina sumu kali ya asili, na wanyama wa hapo wameizoea tangu kale kiasi cha kuivumilia. Mbweha na paka hawaivumilii. Tangu 1996 mpango wa serikali uitwao Western Shield unadondosha kwa ndege vipande vya nyama vyenye sumu ya aina hiyohiyo msituni. Mbweha hufa kwa wingi. Paka, wanaopenda nyama ya mawindo waliyoyaua wenyewe, hawadanganyiki kirahisi. Kwa wakazi wa Perth wanaotaka kuona msitu halisi ukiwa na wanyama wake bila wavu, hapa ndipo pa kuangalia.

Kisiwa

Kisiwa ni uzio uliojengwa na Mungu, na hesabu ileile ya 2018 iliorodhesha visiwa 101 vinavyohifadhi mamalia walio hatarini kwa paka na mbweha. Kwa dharura hakuna njia ya haraka kama hii. Potoru wa Gilbert, mnyama mdogo wa mfuko anayefanana na betongi, alidhaniwa ametoweka mpaka alipoonekana tena mwaka 1994 katika ghuba ya Two Peoples, Australia Magharibi. Wahifadhi hawakungoja, kuanzia 2005 waliwapeleka baadhi kisiwa cha Bald. Novemba 2015 moto ukateketeza karibu makazi yote ya pale bara. Kama wote wangekuwa pale, leo tusingekuwa na habari ya kuandika.

Hata hivyo kisiwa si chumba kitupu. Mwaka 2012 na 2013 mashetani wa Tasmania 28 wasio na saratani walipelekwa kisiwa cha Maria. Walistawi. Lakini kisiwani hapo walikuwapo pengwini wadogo, jozi zipatazo 3,000, na kufikia 2021 shirika la uhifadhi wa ndege la BirdLife Tasmania lilitangaza kwamba wametoweka wote. Kumwokoa mmoja kulimmaliza mwingine mahali pale. Mimi siwezi kuliita hilo kosa dogo la utekelezaji. Ni bei ya njia yenyewe pale inapotumiwa bila kuhesabu waliokuwapo kwanza.

Na kuna jambo la pili, la ndani zaidi. Mwaka 2003 kwoli wa kaskazini, wanyama wadogo wa mfuko walao nyama waliokuwa wakiuawa na vyura wageni wenye sumu, wenye asili ya Amerika, walihamishiwa visiwani, kikiwemo Astell. Wakaongezeka sana. Vizazi 13 baadaye baadhi yao walirudishwa bara, katika hifadhi ya Kakadu, na dingo, mbwa wa porini wa Australia, wakawala: kizazi kilichokulia mahali pasipo na adui kilikuwa kimepoteza woga. Betongi wa ndani ya uzio wana tatizo hilohilo, na watafiti wa Arid Recovery sasa hujaribu kuwachanganya na paka wachache kwa makusudi ili wajifunze. Ukichangia kisiwa au uzio, uliza kama wana mpango wa kuwarudisha wanyama porini siku moja, au wamekusudia kuwafunga milele.

Sheria ya msitu na ya mto

Hapa fedha haina nguvu sana. Sauti ndiyo yenye nguvu. Posamu wa Leadbeater, mnyama mdogo wa mfuko aishiye mitini na nembo ya jimbo la Victoria, hulala ndani ya mapango ya miti mikubwa ya mkaratusi. Sisi mkaratusi tunaujua kama mti wa nguzo, wa kupandwa na kuvunwa ndani ya miaka michache. Kwao, mkaratusi wa milimani huhitaji zaidi ya miaka 120 ndipo uanze kutoboka mapango ya kumfaa posamu huyu. Ukikata mti mwenye umri huo, hakuna mradi wa upandaji miti utakaofidia ndani ya maisha yako wala ya wajukuu wako. Tarehe 7 Februari 2009, siku ambayo moto uliua watu 173 Victoria, karibu nusu ya maeneo yaliyotengwa kwa ajili ya posamu huyu iliungua. Kila mti mzee uliosalia ukawa na thamani maradufu, na bado magogo yaliendelea kukatwa.

Wananchi walikwenda mahakamani. Mwaka 2020 kikundi cha marafiki wa posamu wa Leadbeater kilishinda kesi dhidi ya VicForests, shirika la serikali la magogo. Mwaka uliofuata ushindi huo ukatenguliwa kwenye rufaa. Lakini mashauri yaliendelea, misitu mingi ikasimamishwa kukatwa, na hatimaye ukataji wa kibiashara katika misitu ya asili ya serikali ukakoma Victoria tarehe 1 Januari 2024. Australia Magharibi ilifanya vivyo hivyo wakati huohuo. Hakuna uzio uliowahi kulinda eneo la ukubwa huo kwa siku moja.

Udhaifu wake ni kwamba sheria haifukuzi paka na haizimi moto. Pia hubadilika serikali ikibadilika. Wanaofanya kazi uwanjani Victoria huongezea visanduku vya kulala na mapango yaliyochongwa kwa msumeno ndani ya miti michanga, ili posamu wavuke miongo ya kungoja miti izeeke.

Kinyamadege naye yumo hapa. Uzio haumfai, maana maisha yake ni mtoni. Kilichokuwa kikimuua, mbali na mabwawa na ukame, ni mitego ya bei rahisi ya kamba wa mtoni, ile iliyofungwa pande zote: akishaingia hapati njia ya kutoka kuvuta pumzi, anazama. Victoria iliipiga marufuku mwaka 2019, New South Wales 2021. Mwezi Mei 2023 kinyamadege walirudishwa katika Royal National Park, kusini mwa Sydney, walikokuwa wametoweka kwa miongo kadhaa. Sheria kuhusu kitu kinachouzwa dukani kwa fedha kidogo iliweza kufanya jambo ambalo mamilioni yasingefanya.

Kijiji

Papua New Guinea karibu asilimia 97 ya ardhi ni mali ya koo, kwa desturi. Serikali haiwezi kuchora mstari kwenye ramani na kuwaambia watu hapa sasa ni hifadhi. Anayetaka msitu ulindwe lazima akae chini na wenyewe. Msomaji wa Tanzania aliyeshuhudia msitu wa hifadhi wa kijiji ukiundwa chini ya Sheria ya Misitu ya 2002 atalielewa jambo hili haraka. Tofauti ni kwamba kule mwenye msitu ni ukoo.

Mfano mkubwa ni YUS, kwenye rasi ya Huon, jina lililotokana na mito mitatu: Yopno, Uruwa na Som. Huko ndiko kwao kanguru wa miti wa Matschie, mwenye manyoya ya rangi ya kahawia iliyoiva na tumbo la njano, asiyepatikana kiasili popote pengine. Mwaka 1996 mtafiti Lisa Dabek, ambaye baadaye aliungwa mkono na bustani ya wanyama ya Woodland Park ya Seattle, Marekani, alianza kuzungumza na wenyeji. Haikuwa kazi ya msimu mmoja. Ukoo mmoja baada ya mwingine ulikubali kutoa sehemu ya msitu wake ambako hakutawindwa wala kukatwa, ukabaki na sehemu nyingine ya kulima na kuwinda. Mwaka 2009, baada ya miaka 13, YUS likawa eneo la kwanza kutangazwa chini ya sheria ya maeneo ya uhifadhi ya 1978: takriban hekta 76,000, kutoka ufukweni mpaka vilele vya karibu mita 4,000. Walinzi ni vijana wa vijiji hivyohivyo. Mwaka 2014 mradi huo ulipata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa.

Na wenyeji wanapata nini? Kahawa. Bonde halina barabara ya kwenda mjini, magunia huondoka kwa ndege ndogo, na mradi uliwaunganisha wakulima na mnunuzi wa Seattle anayelipa vizuri kwa sababu anajua msitu unaolindwa. Wakulima wa Kilimanjaro na Kagera wataona mara moja hatari iliyopo: bei ya kahawa ikianguka, au ndege ikikosa kuja, ahadi ya msitu inajaribiwa. Ni hoja ya kweli, na ndiyo inayonifanya nisisitize mchango uwe wa miaka, hata kama ni mdogo.

Upande wa kaskazini, kwenye milima ya Torricelli, kazi ni ngumu zaidi. Tenkile, kanguru wa miti aliyetambuliwa kisayansi mwaka 1990 tu, alikadiriwa kubaki 100 hivi mwaka 2001. Tenkile Conservation Alliance, iliyoendeshwa kwa miaka mingi na Jim na Jean Thomas kutoka Australia, ilikusanya vijiji 50 vikakubali kusitisha kuwinda tenkile na ndugu yake weimang. Lakini walielewa jambo ambalo wahifadhi wengi wamelipuuza kwa hasara kubwa: mama mwenye watoto hawezi kula katazo. Wakaleta ufugaji wa sungura ili nyama ipatikane nyumbani, na matangi ya maji. Makadirio ya baadaye ya shirika yaliweka tenkile juu ya 300. Bado ni wachache mno. Lakini mnyama aliyekuwa akielekea kufutika alianza kuongezeka, bila hata mita moja ya wavu.

Ekidna wenye mdomo mrefu ndio wanaonitia wasiwasi zaidi. Spishi za mamalia watagao mayai zilizobaki duniani ni tano tu, na tatu kati yake ni hawa, wote wa New Guinea. Ni wa usiku, wa taratibu, hula minyoo ya udongo kwa pua ndefu kama mrija. Muse Opiang, mwanasayansi mwenyeji wa Papua New Guinea, alitumia miaka akiwafuata kwa vifaa vya redio katika Crater Mountain, na kazi yake iliyotoka 2009 ni miongoni mwa chache tulizonazo kuhusu maisha yao porini. Upande wa Indonesia, ekidna wa Attenborough alijulikana kwa mzoga mmoja tu uliookotwa mwaka 1961, mpaka kamera zilizotegwa kwenye milima ya Cyclops zilipompiga picha mwaka 2023, zikiwa kazi ya timu ya James Kempton wa Oxford pamoja na shirika la wenyeji la YAPPENDA.

Wazee wa Yongsu Sapari, kijiji kilicho chini ya milima hiyo, hawakushangaa. Wana desturi kwamba watu wawili wakigombana, mmoja hutumwa mlimani akatafute ekidna na mwingine baharini akatafute samaki nduwaro (marlini). Wote wawili ni adimu kiasi kwamba kutafuta huchukua muda mrefu sana, na wakipatikana, ugomvi umekwisha. Jamii iliyomweka mnyama ndani ya mfumo wake wa amani inayo sababu ya kumlinda kuliko mtalii yeyote. Tena msitu ule unawalinda wao: Machi 2019 mafuriko kutoka milima ya Cyclops yaliua zaidi ya watu 100 huko Sentani, na miteremko iliyofyekwa ilitajwa miongoni mwa sababu.

Udhaifu wa njia hii siufichi. Ni ya polepole. Ukihesabu wanyama msituni penye ukungu na mteremko mkali, takwimu zako hazitakuwa safi kama za ndani ya uzio, na mfadhili anayependa grafu atakata tamaa. Papua New Guinea ni miongoni mwa wauzaji wakubwa wa magogo ya misitu ya tropiki duniani. Kampuni ikija na fedha taslimu, ukoo wenye mgonjwa wa kupeleka hospitali hauwezi kulaumiwa ukisikiliza. Na mzee aliyetia saini akifa, mwanawe lazima ashawishike upya.

Zikiwekwa ana kwa ana

Kwa kasi, kisiwa na uzio vinashinda bila ubishi. Ndani ya miaka miwili mitatu unaweza kuonyeshwa watoto waliozaliwa. Kijiji huchukua muongo. Sheria hukaa miaka mingi bila kitu, kisha hufanya kila kitu kwa siku moja.

Kwa ukubwa wa msitu unaobaki, mambo yanageuka. YUS peke yake, hekta zake 76,000, ni zaidi ya mara mbili ya nyuzo zote 17 zilizohesabiwa mwaka 2018 zikijumlishwa. Na ndani ya hekta hizo hakulindwi kanguru wa miti tu; kuna ndege, vyura, chemchemi na watu.

Kwa uzito wa fedha ndogo, sina shaka. Australia ni nchi tajiri yenye serikali yenye uwezo wa kulipia uzio wake, na wananchi wake huchangia sana. Mlinzi wa msitu wa kijijini New Guinea hulipwa kwa michango ya namna hiihii tunayoijadili, na ikikosekana anarudi shambani.

Lakini hapa sharti niseme kwa nini mtu mwenye akili timamu angechagua uzio: kwa numbati, woili, bilbi na betongi hakuna kijiji cha kuzungumza nacho. Paka hasaini mkataba. Kama moyo wako uko kwa wanyama hao, toa kwa uzio na usijute, ila chagua shirika linalopanua eneo, linalochanganya damu za makundi tofauti ili wasizaane ndugu kwa ndugu, na linalojaribu kuwarudisha nje. Kisiwa ningekichangia pale tu ambapo kuna dharura kama ya potoru wa Gilbert na kuna jibu la maandishi kuhusu ndege na wanyama waliokuwapo kisiwani kabla.

Kama wewe ni mwanafunzi wa wanyamapori unayetafuta pa kujifunzia, nakushauri usome Torricelli na YUS kwanza. Maswali ya huko kuhusu nyama, ardhi na kahawa ni maswali utakayokutana nayo nyumbani. Mbinu za kufuatilia wanyama wa usiku kwa kamera na redio utazipata vizuri zaidi kwa watafiti wa Australia.

Kwa wenye kutoa fedha kidogo kidogo: mchango wa kila mwezi, mdogo, kwa shirika la vijijini, una thamani kuliko mkubwa wa mara moja, kwa sababu mshahara wa mlinzi ni wa kila mwezi. Kabla ya kutuma, uliza mambo mawili. Ni koo au vijiji vingapi vimekubali, na vilikubali lini? Na wanawake wa hapo wamepata nini badala ya nyama waliyoiacha? Shirika linalojibu swali la pili kwa undani limefika kweli kijijini.

Na kwa ndugu zetu waliohamia Melbourne, Adelaide, Brisbane na Perth, wengi wao wakiwa wametoka Kongo, Burundi na Kenya: ninyi mna njia ya tano isiyohitaji kutuma fedha popote. Paka wenu walale ndani, na ikiwezekana wasitoke kabisa. Jioni na alfajiri punguzeni mwendo kwenye barabara za porini. Mkikuta kanguru au wombati (mnyama mnene wa mfuko mwenye miguu mifupi) amegongwa, simameni mahali salama, piga simu kwa waokoaji wa wanyama wa jimbo lenu na waambieni kama kuna kinachojongea mfukoni, maana mama akifa mtoto anaweza kuwa hai. Msimvute mtoto aliyeshika chuchu, waokoaji watawaelekeza. Na kama kwenye gereji ya nyumba mliyopanga kuna ile mitego ya zamani ya kamba wa mtoni iliyofungwa pande zote, ikateni vipande kabla ya kuitupa, ili anayeiokota asiirudishe mtoni.